Santuri ya pauni 38

Jumamosi nimetoka zamu ya usiku, huku Leeds, Uingereza, mvua kama kawaida yake, nikajibanza kwenye duka la santuri kuukuu. Kwenye boksi la Afrika nakutana na Simba Wanyika, sahani ndogo ya 45, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika. Kikaratasi cha bei: pauni 38. Chini yake wameandika: bendi ya Kenya.

Bei nikaimeza. Mliopanga vyumba Unga Limited, Arusha, pigeni hesabu wenyewe. Kilichonichoma ni hiyo "ya Kenya". Jamani! Wilson na George Kinyonga, ndugu walioianzisha, wametokea Tanga, wakaanzia Jamhuri Jazz mwaka 1966. Mwaka 1970 wakaja Arusha, wakaunda Arusha Jazz na ndugu yao William. Arusha hii hii, chalii wangu! (Na msitafute jazi ya Wamarekani humo. Kwetu jazz ilikuwa magitaa, rumba na viatu vilivyopigwa kiwi.) Mwaka 1971 wakavuka mpaka, na huko Kenya ndiko walikogeuka Simba Wanyika.

Yote hayo nikamshushia mzee wa duka kwa Kiingereza cha hasira. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa santuri kwenye bahasha, akapachika kile kidude cha plastiki kwenye tundu la katikati, akateremsha sindano. Gitaa la solo likaingia. Kwenye lebo kulikuwa na jina la mtu kwa wino wa bluu, kama mjomba alivyokuwa akiandika lake ili sahani zisipotelee kwenye harusi za watu. Nikanywea.

Na tuseme kweli, wangebaki Arusha mzee huyu angeuza nini? Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, mikanda mingi ikabaki Dar kabatini. Mashine za kutengeneza santuri zilikuwa Nairobi.

Mnaoniulizia njia ya kuja huku Uingereza: hela ipo, baridi ipo, ila utaitwa Mkenya mpaka uchoke kusahihisha. Mimi bado sijachoka.

Nikalipa. Nje nikampigia simu mjomba, yuko Ngarenaro, Arusha.

"Shikamoo mjomba, nimepata Simba Wanyika."

"Marahaba. Umeigeuza?"

Sahani nyingi za enzi zile wimbo haukuenea upande mmoja, ukakatwa katikati. Magitaa yanakuja kuchachamaa upande wa pili, na yule mzee alinipigia wa kwanza tu.

"Mjomba, mashine yenyewe sina."

"Basi umenunua sahani ya ugali."