Siku yangu moja: mimi si mwalimu wa kompyuta

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshaning'inia kwenye daladala, Mbagala kwenda Posta. Mtaani wanajua nafundisha kompyuta. Sifundishi. Naandaa kozi ya sayansi ya kompyuta kwa masafa. Mwanafunzi yuko Newala au Mpanda na simu yake, hana wa kumuuliza, na kila atakapokwama inabidi niwe nimepaona kabla yake.

Saa mbili chai na chapati, nafungua Moodle, mfumo wa mtandaoni tunakoweka kozi, najibu barua pepe.

Saa tatu natunga maswali. Orodha ina majina 1,000 yaliyopangwa kialfabeti. Ukifungua katikati na kutupa nusu kila mara, utakagua mara ngapi kwa wingi? Jibu ni 10. Lakini aliyejibu 500 kadhani tunagawa mara moja tu, na aliyejibu 1,000 bado anakagua moja moja. Kila mmoja namwandikia maelezo yake, maana sura zao sizioni.

Saa nne akaingia Dokta, mhadhiri wa kozi, na somo lake kwenye flashi. Video ya dakika 70, feni inavuma kuliko yeye.

“Dokta, tuikate vipande vya dakika saba saba. Bando litawaishia.”

“Bando la kuangalia mpira wanalo.”

Hapo sikuwa na jibu, ni kweli wanalo. Tukabishana hadi saa sita tukiwa bado kwenye utangulizi, kila sentensi kwake ni muhimu. Nikamfungulia video ile kwenye simu yangu. Akavaa miwani, akasogeza simu karibu, akaipeleka mbali. Ubao wake mwenyewe, wenye programu aliyoiandika, haukusomeka.

“Basi hiyo programu waandikie pembeni.”

Kuandika pembeni nako kuna kazi yake. Python, lugha ya kuandikia programu tunayofundisha, inasoma nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari. Mwanafunzi akinakili kutoka PDF, nafasi zikapotea, programu inagoma na yeye anajiona mjinga. Kwa hiyo mchana wote ni kunakili, kubandika, kuendesha, kwenye simu ya bei rahisi tuliyoiweka ofisini kwa ajili hiyo. Umeme ukakatika, ukarudi, sijui saa ngapi. Chakula cha mchana nilikila kimeshapoa. Mstari wa mwisho ulipokubali nilipiga meza kwa furaha, mlinzi akachungulia.

Nikiwa kwenye foleni ya Kilwa Road, Dokta akatuma ujumbe: “Wiki ya pili tayari. Nimejitahidi kufupisha, dakika 65.”