Msumeno wa mkono

Kwenye simu nilimwambia mjomba, "Nakuletea msumeno wa mkono." Akacheka. "Wa mkono ninao minne, mjomba."

Ikabidi nieleze: mota inaning'inia kwenye mkono wa chuma, unaivuta ikujie juu ya ubao. Ohio ninakoishi mafundi wengi wameshazikimbia mashine hizi, ndiyo maana nilimudu bei.

Ilifika Kirumba, Mwanza, ndani ya kontena. Mimi nikafika likizo na skwea mpya ya kupimia pembe mraba, na maringo yangu ya Marekani. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa diski ya meno, nikaanza na meza: unaipitisha shafti ya mota juu ya kila pembe, na kipande cha mbao chini yake. Kikibana huku na kulegea kule, meza haijalala sawa na mkono. Pembe tatu zikakubali. Ya nne, kila nikirudi, imehama. Nusu saa nzima, jasho, harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni, na vijana wa karakana wametulia tuli wakinitazama.

Mjomba, ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo, akashika ncha ya mkono wa mashine akautikisa kama anavyojaribu mguu wa kitanda. Ukacheza.

"Sasa unapima kitu kinachocheza?"

Nguzo inayoshika mkono ililegea safarini. Kazini kwangu huwa nazikuta zimeshakazwa, sikuwahi hata kufikiria. Tukakaza, tukaanza upya, meza ikatulia. Kisha, diski ikiwa imerudi, zamu ya mkono: jino lile lile liguse skwea toka mwanzo wa mvuto hadi mwisho. Kisha diski ielekee inakovutwa, maana ikikaa upande kidogo tu, meno ya nyuma yanakwangua palipopita ya mbele na ubao unaungua.

Tukakata paini ya sentimita 30, kipande kimoja tukakipindua, tukaviunganisha kwenye rula ndefu. Ukipindua, kosa linaonekana mara mbili. Wembe ukapita katikati yake. Mjomba akaviinua kwenye mwanga wa mlango: "Bado." Mara ya tatu, bado. (Mota nayo inazunguka taratibu kuliko Ohio, umeme wa huku ni hezi 50, si 60 za kule. Hilo hakulijali.)

Mara ya nne umeme ukakatika diski ikiwa katikati ya ubao. Mjomba akairudisha mota nyuma, akaenda ukutani, akatungua mmoja wa ile minne, akamalizia.