Kifo cha Haki katika Contra, Castlevania na Ninja Gaiden

Gemu ya zamani ya mapambano huwa naipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: mchezaji anapokufa, je, anajua kilichomuua, na anajua angefanya nini ili asife? Michoro inaweza kuwa hafifu na hadithi nzima ikawa mistari miwili ya maandishi, lakini jibu likiwa ndiyo, nitarudi kucheza kesho na keshokutwa. Likiwa hapana, hata muziki mtamu hauwezi kuiokoa gemu hiyo. Hapa Mtwara nimekuwa nikizicheza upya gemu za Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo, kwenye mashine ya kuiga na televisheni ya chogo, na nimechagua kuandika kuhusu tatu ambazo zilitoka katika miaka ya 1986 hadi 1988, zikatumia mashine ileile, ila kila moja ikalijibu swali langu kwa namna yake.

Famicom yenyewe ilianza kuuzwa Japani mwezi Julai 1983. Wengi wetu huku kusini hatukuwahi kuiona ile halisi ya Nintendo; tulichokijua ni mashine za kuiga, zenye padi mbili za waya mfupi na kaseti iliyoandikwa kwamba ina maelfu ya gemu, ambayo ukiifungua orodha yake unakuta gemu chache zimerudiwa kwa majina mengi. Katika msimu wa korosho, fedha zinapozunguka mitaani, banda la gemu hujaa watoto, na kwa muda mrefu Contra ndiyo iliyokuwa ikigombewa kuliko zote. Naamini iligombewa kwa sababu ya haki yake, hata kama hakuna mtoto aliyelitumia neno hilo.

Contra ilitengenezwa na Konami, kwanza kama mashine ya kuingiza sarafu mwaka 1987, kisha ikaletwa kwenye Famicom mwaka 1988. Mchezaji anapewa roho tatu, na risasi moja tu inatosha kumwondolea roho moja pamoja na silaha aliyokuwa ameiokota. Ukisoma sheria hiyo bila kucheza utadhani ni ukatili, lakini gemu imempa mchezaji vitu vinavyoisawazisha: askari wake anaweza kugeuza mwelekeo akiwa hewani, anaweza kulala chini risasi zikapita juu yake, na anaweza kupiga pande zote nane. Risasi za adui nazo ni taratibu kiasi kwamba jicho linaziona zikitoka kwenye mtutu, na mkono unapata muda wa kuamua. Kila unapokufa katika msitu wa hatua ya kwanza, unaweza kunyoosha kidole kwenye kioo na kusema, hiki hapa ndicho kilichoniua, nilikiona, nikachelewa.

Silaha yenye herufi S, inayotawanya risasi tano kwa mara moja, ndiyo inayoonyesha ufundi mkubwa wa watungaji wake. Ukiwa nayo unaanza kujiona bwana wa msitu, na papo hapo unaanza kuogopa kufa kwa sababu mbili badala ya moja, maana kifo kitakurudisha kwenye bunduki ya kawaida mahali ambapo adui ni wengi. Hakuna maelezo ya kusoma wala sauti inayokuonya. Uoga huo unazaliwa kwenye vidole vyenyewe. Gemu nyingi za leo zinazotaka mchezaji aithamini silaha yake hutumia dakika nyingi za maongezi kufanya kazi ambayo herufi hii moja iliifanya.

Hatua ya tatu, ile ya maporomoko ya maji, inahitaji kuchezwa na watu wawili ndipo ieleweke. Picha hupanda kumfuata aliye juu, na aliyebaki chini akifikiwa na ukingo wa kioo anakufa, hata kama hakuguswa na adui yeyote. Mpwa wangu, ambaye ana mkono mwepesi kuliko wangu lakini hana subira, alinipandia hivyo mara kadhaa, na sasa ni yeye anayepaza sauti, "Mjomba, usiruke kwanza, sijafika!" Nimewahi kusoma malalamiko kwamba hilo ni kosa la utengenezaji. Mimi naliona kuwa sehemu bora ya gemu nzima, kwa kuwa linawalazimisha wachezaji kusemezana na kupanda kwa zamu, na hakuna kifo kinachoeleweka kwa haraka zaidi kuliko kile kinacholetwa na rafiki yako.

Hapa ni lazima niseme jambo kuhusu kasi, kwa sababu mapitio mengi hayaligusi kabisa. Televisheni zetu za analojia zilifuata mfumo wa PAL, unaochora picha mara 50 kwa sekunde, ilhali gemu za Japani na Marekani zilitungwa kwa televisheni zinazochora picha takribani 60 kwa sekunde. Gemu hizi huhesabu muda wake kwa picha, kwa hiyo kitendo kinachochukua picha 30 kinakwisha kwa nusu sekunde huko Japani, na kwa sekunde 0.6 kwenye mashine ya PAL. Muziki unazubaa, askari anaelea kidogo anaporuka, na risasi inachelewa kufika. Mtu aliyeizoea Contra kwa kasi hiyo akiifungua kwenye emuleta ya kompyuta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, hushtuka na kudhani kuwa amezeeka, kumbe sasa ndiyo anakutana na gemu kama ilivyokusudiwa. Kwa hiyo, kila ninapoandika kwamba gemu fulani ni ngumu au rahisi, nataja kwanza nimeicheza kwa kasi ipi, na ningeomba wanaoandika mapitio wafanye hivyo hivyo, kwani tofauti ya sehemu moja ya sita ni kubwa mno kwa gemu inayoua kwa risasi moja.

Televisheni bapa nayo ina mambo yake. Nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo mdogo, ambao mtazamaji wa tamthilia hawezi kuuhisi, unatosha kumfanya mchezaji aruke baada ya shimo kuwa limekwisha kummeza. Ndiyo maana naendelea kuitunza televisheni ya chogo. Ni nzito na inakula umeme, lakini kitufe kikibonyezwa mhusika anaruka. Kwa wanaoishi karibu na bahari kama sisi, naongeza kwamba hewa ya chumvi hula meno ya shaba ya kaseti, na tabia ya kupuliza kwa mdomo huongeza unyevu tu. Pamba na spiriti vinatosha.

Castlevania, ambayo Konami waliitoa mwaka 1986, ni gemu ya mzigo. Mhusika wake, Simon Belmont, akisharuka, ameruka. Huwezi kumgeuza hewani, ni kama jiwe lililokwisha kuachiwa kwenye manati. Mjeledi wake unachelewa kidogo kabla ya kunyooka, akipigwa anarushwa nyuma, na akiwa kwenye ngazi hawezi kuruka kabisa. Kwa kipimo cha Contra hizi zingekuwa dosari, lakini hatua zote 18 zimejengwa kwa vipimo vya mwili huo mzito. Kuna ukumbi mmoja kabla ya kupambana na bosi (adui mkuu) aitwaye Kifo, ambamo mashujaa wenye deraya hurusha mashoka huku vichwa vya Medusa vikipaa kwa mawimbi, na wachezaji wengi huishia hapo. Nimeucheza ukumbi huo kwa hasira nyingi, lakini nashikilia kwamba ni wa haki, kwa kuwa wimbi la vichwa vile halibadiliki, na anayesimama kulisoma hupata nafasi ya kupita. Anayefika kwa Kifo akiwa na maji matakatifu na anayejua kuyarusha kwa wakati, humgandisha bosi huyo mahali pale pale. Gemu imempa dawa kabla ya ugonjwa.

Ninja Gaiden ya Tecmo, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1988, ndiyo inayonisumbua, kwa sababu naipenda kuliko nilivyo tayari kuitetea. Hakuna gemu ya Famicom ninayoijua ambayo mwili wa mhusika unaitikia padi vizuri kama wa Ryu Hayabusa: anakimbia, anakata, anang'ang'ania ukuta, na vyote vinakuja bila kusita. Mandhari za hadithi katikati ya hatua zimepangwa kama sinema, na kwa wakati wake hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini adui wake wamefungwa kwenye sehemu maalumu za njia, na ukirudi nyuma hatua chache, yule uliyemuua anatokea tena kana kwamba hukumgusa. Ndege mmoja anakuja kutoka ukingoni, anakupiga ukiwa hewani, unarushwa nyuma, unaangukia shimoni. Mara ya kwanza hukuwa na namna ya kujua. Mara ya pili unajua, ila unachokijua ni kukariri mahali pa ndege, wala hujajifunza kusoma mwendo wake.

Hatua ya sita ndiyo inayoivunja gemu hii machoni pangu. Ukishindwa na mabosi wa mwisho, unarudishwa hadi mwanzo wa hatua hiyo, ukapite tena kwenye ndege na mashimo yote. Ujasiri wa kuendelea unatakiwa, ninakubali, na gemu haikunyimi nafasi za kujaribu tena. Lakini kumrudisha mtu kwenye jambo ambalo amekwisha kulithibitisha, kwa sababu ameshindwa jambo jingine, ni adhabu isiyofundisha lolote kuhusu bosi aliyemshinda. Hapo ndipo ninapoishusha chini ya Castlevania, ingawa mkono wangu hupenda kuishika Ninja Gaiden zaidi.

Kwenye emuleta mtu anaweza kuhifadhi gemu kabla ya kila bosi na kuukwepa usumbufu huo wote. Sioni ubaya kwa anayecheza kujifurahisha, hasa katika mji ambao umeme unaweza kukatika ukiwa mlangoni kwa bosi. Mimi ninapokagua sihifadhi mpaka niwe nimeimaliza gemu walau mara moja bila msaada huo, kwa kuwa adhabu ya kifo ni sehemu ya kile ninachokipima. Kwa anayetaka kuanza, ningemshauri acheze Contra kwanza akiwa na mwenzake, bila ule mfuatano wa vitufe unaotoa roho 30, kisha Castlevania peke yake. Ninja Gaiden aicheze mpaka mwisho wa hatua ya tano, na hapo aamue mwenyewe kama anaitaka ya sita.