Taifa Lililohifadhiwa Kanisani

Jumapili usiku. Misa imekwisha zamani, vyombo vimeoshwa, na bado nina fremu tupu kichwani.

Mwaka 1966 Poland ilitimiza miaka 1,000 tangu mtawala wake Mieszko wa Kwanza alipobatizwa. Wakati huo nakala ya picha ya Bikira Maria wa Częstochowa ilikuwa ikitembezwa parokia hadi parokia. Serikali ya kikomunisti ikachoshwa na misafara ile. Polisi wakaikamata picha njiani, wakairudisha kwenye monasteri ya Jasna Góra, mjini Częstochowa, na kuiwekea ulinzi isitoke tena. Maaskofu wakasema ziara iendelee vilevile: ikatembezwa fremu bila picha, pamoja na mshumaa. Watu wakaipokea kwa nyimbo, wakapiga magoti mbele ya vipande vinne vya mbao. Ikawa hivyo hadi 1972, mapadre walipoitorosha ile nakala kutoka kizuizini.

Nikisoma habari hii huwa nacheka kwanza. Polisi mzima na silaha yake amekamata picha! Halafu fremu ile, kila ilikopita, ikawa inamtangaza: huyu ndiye aliyemweka Mama wa Mungu ndani.

Kwa asiyeijua picha yenyewe: ni Bikira Maria mwenye uso mweusi, amempakata Mtoto, na shavuni ana mistari miwili kama chale. Waporaji waliivamia monasteri mwaka 1430 wakaikata. Ilitengenezwa, ila makovu yakabaki hadi leo. Mwaka 1655 Wasweden waliizingira Jasna Góra wakashindwa kuiteka, na mwaka uliofuata mfalme Jan Kazimierz akamtangaza Maria kuwa Malkia wa Poland.

Malkia huyo alikuja kudumu kuliko wafalme. Urusi, Prussia (dola la Kijerumani) na Austria ziligawana nchi yao mara tatu, 1772, 1793 (safari hii bila Austria) na 1795, mpaka Poland ikafutika kwenye ramani. Ilirudi 1918. Kwa miaka 123 hapakuwa na nchi yao huru, na mtoto alizaliwa akazeeka bila kuona bendera yake ikipepea kihalali. Watawala wa Kirusi walikuwa Waorthodoksi, wa Kiprussia Waprotestanti. Kwa hiyo aliyeingia kanisani kusali kwa Kipolandi alikuwa amejitambulisha pande zote mbili, kwa Mungu na kwa mkoloni. (Austria ilikuwa ya Kikatoliki pia, kwa hiyo upande wa kusini hadithi si nyoofu hivyo.)

Kinachonigusa zaidi ni watoto wa mji wa Września. Mwaka 1901, chini ya utawala wa Wajerumani, shule iliamua somo la dini lifundishwe kwa Kijerumani. Watoto wakakataa kusali kwa lugha ile, wakachapwa viboko. Wazazi walioandamana kupinga wakafikishwa mahakamani, na baadhi yao wakafungwa. Mimi nimesali Baba Yetu kwa Kiswahili tangu utotoni bila kuwaza kwamba kuna mahali sala hiyohiyo ilimtoa mtoto machozi.

Na hawa watu tumewahi kuishi nao. Stalin aliwapeleka Wapolandi wengi Siberia na Asia ya Kati mwaka 1940 na 1941. Baadhi ya waliofunguliwa baadaye walipitia Iran, na maelfu, wengi wao wanawake na watoto, wakafikishwa Afrika Mashariki. Tengeru, chini ya Mlima Meru, palikuwa na kambi ya watu wapatao 5,000. Nyabyeya, karibu na Masindi kule Uganda, walijenga kanisa la Bikira Maria Malkia wa Poland, na waumini wa pale wanasali humo hadi sasa. Nimewahi kuyatembelea makaburi ya Tengeru. Misalaba, majina marefu yaliyojaa z na w, na migomba jirani. Watu wamepoteza nyumba, mashamba na waume, lakini wakifika ugenini, kanisa ni miongoni mwa vitu vya kwanza wanavyojenga. Nilisimama pale nikaielewa fremu tupu kuliko kitabu chochote kilivyonieleza.

Mengine yanajulikana. Wojtyła, yaani Yohane Paulo wa Pili, anachaguliwa Papa 1978, anarudi nyumbani Juni 1979, na Agosti 1980 wafanyakazi wa Gdańsk wanagoma huku geti la karakana ya meli limepambwa kwa picha yake na ya Bikira Maria. Padre Popiełuszko, aliyewaunga mkono wafanyakazi, anauawa na askari wa usalama mwaka 1984.

Ila sipendi kuishia kwenye kushangilia. Wana msemo, “Polak-katolik”, yaani kuwa Mpolandi ndiyo kuwa Mkatoliki. Kabla ya vita Wayahudi peke yao walikuwa kama asilimia 10 ya raia, zaidi ya watu milioni 3. Wengi mno waliuawa na Wanazi. Na mwaka 1946, vita imeshakwisha, wakazi wa mji wa Kielce pamoja na askari waliwaua Wayahudi walionusurika. Msemo ule unawaweka wapi? Unawaweka wapi Watatari Waislamu wa kijiji cha Kruszyniany, wenye msikiti wa mbao na karne tatu kwenye ardhi ile? Jerzy Buzek, waziri mkuu kuanzia 1997 hadi 2001, ni Mlutheri. Kwetu ukisikia mtu ni Mtanzania huwezi kukisia dini yake. Ukoo wangu una Maria na Mwajuma wanaokula pilau ya Idi na ya Krismasi sahani moja. Sitamani Kanisa langu lipewe taifa la kulimiliki.

Maana sasa adui hayupo. Sensa ya 2011 ilionyesha Wakatoliki karibu asilimia 88. Ya 2021, asilimia 71, na mtu mmoja kati ya watano akagoma kulijibu swali la dini. Kashfa za mapadre waliodhulumu watoto zimewaumiza watu. Oktoba 2020 mahakama ya katiba ilipokaza sheria ya utoaji mimba, vijana walijaa barabarani, na baadhi wakaandamana hadi milango ya makanisa, sehemu ambayo bibi zao walikimbilia kujificha.

Hata hivyo, wengi wao mkesha wa Krismasi watamega opłatek, ule mkate mwembamba kama hostia, kila mmoja akimtakia mwenzake heri, na mezani kutakuwa na sahani ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Wanafanya hivyo hata wasioingia kanisani mwaka mzima. Paroko wangu angewaita Wakatoliki wa msimu. Mimi bado sijajua niwaiteje.