Yamanote kwa Miguu: Kilomita 34.5 kwa Jumamosi Tano

Mradi ni huu: kuizunguka Tokyo kwa miguu ukiifuata reli ya Yamanote, kituo hadi kituo, mpaka urudi ulipoanzia. Reli ina urefu wa kilomita 34.5 na vituo 30, na treni humaliza mzunguko kwa saa moja hivi. Mtembeaji hapiti juu ya reli. Barabara zitamvuta huku na huku, hivyo ukijumlisha yote miguu huwa imekwenda zaidi ya kilomita 40. Wapo wanaoumaliza kwa siku moja. Hapa umegawanywa Jumamosi tano, kwa sababu anayekimbizana na jua hupita mbele ya mambo mazuri bila kuyaona.

Mgawanyo, kwa kipimo cha reli: Tokyo hadi Nippori kilomita 5.8, Nippori hadi Ikebukuro 6.5, Ikebukuro hadi Shibuya 8.2, Shibuya hadi Shinagawa 7.2, Shinagawa hadi Tokyo 6.8. Kila kipande kinaanzia na kuishia kwenye kituo kikubwa, ili hata mvua ikikukatisha kurudi nyumbani kusiwe shida.

Mwelekeo ni kinyume na mwendo wa saa, kwa sababu namba za vituo zinapanda upande huo. Tokyo ni JY01, Ueno JY05, Ikebukuro JY13, Shinjuku JY17, Shibuya JY20, Shinagawa JY25, na Yurakucho, cha mwisho, JY30. Asiyesoma hata herufi moja ya kanji, maandishi ya Kijapani, anaweza kutembea kwa namba hizi tu. Kanuni ya pili: ukitembea ndani ya mzunguko, reli iko mkono wako wa kulia. Ukiikuta kushoto, umetoka nje ya mzunguko. Si kosa, na mara nyingine ndiyo njia nzuri zaidi, ila ujue kwamba umevuka.

Kabla ya kutoka

Kadi ya ukaazi iwe mfukoni. Sheria inamtaka mgeni mkaazi mwenye miaka 16 na zaidi kutembea nayo wakati wote, na faini ya kutokuwa nayo inafika hadi yen 200,000. Picha yake kwenye simu haitoshi.

Raba ziwe zimeshazoea mguu, na soksi ziwe nene. Njia yote ni lami na saruji, na malengelenge huanza kisiginoni baada ya kilomita nne au tano, hasa kwenye miteremko. Beba plasta. Beba pia mfuko wa taka, kwa maana mapipa ya mtaani ni machache mno na chupa yako utarudi nayo, au uitumbukize kwenye pipa la chupa lililo kando ya mashine ya vinywaji. Maji nusu lita yanatosha kuanzia, mashine ziko kila kona. Choo ndicho cha kupangia mapema: vyoo vingi vya stesheni viko ndani ya lango la tiketi, kwa hiyo tegemea bustani za umma na konbini, yaani maduka madogo ya saa 24, ambako ni adabu kuomba ruhusa kwanza.

Msimu mzuri ni katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Desemba, au mwisho wa Machi hadi Mei. Juni ni mvua za tsuyu. Julai na Agosti usijaribu: joto linapita nyuzi 35 na lami inalirudisha usoni. Desemba nako jua linazama mnamo saa kumi na nusu alasiri, basi anza kabla ya saa nne asubuhi.

Kipande cha kwanza: Tokyo hadi Nippori

Kirahisi. Hadi Akihabara fuata matao ya reli tu. Kati ya Okachimachi na Ueno, pita soko la Ameyoko, lililozaliwa baada ya vita vya 1945 likiwa soko la magendo. Kwa mpishi wa kwetu, penye thamani ni chini ya ardhi, kwenye jengo la Ameyoko Center: samaki wazima, viungo, majani na mizizi ambayo supamaketi ya kawaida haina.

Kosa hutokea Uguisudani. Lango la kaskazini liko chini, kwenye vichochoro vya mahoteli, na kutoka hapo makaburi ya Yanaka huyaoni kabisa. Kaa juu: zunguka nyuma ya Makumbusho ya Taifa, pita hekalu la Kan'ei-ji, ingia makaburini na utokee Nippori. Pana kivuli karibu njia nzima.

Kipande cha pili: Nippori hadi Ikebukuro

Hiki ndicho kipande bora cha mradi mzima, na ndicho kinachofaa kurudiwa.

Anzia daraja la Shimogoinden, nje tu ya lango la kaskazini la Nippori. Chini yake zimelala reli za Yamanote, Keihin-Tohoku, Joban, Keisei na za shinkansen, treni za mwendokasi, na treni hazikauki. Wenye watoto watenge nusu saa.

Kutoka hapo usishuke. Ukingo wa nyanda ya juu unaendelea kaskazini, na barabara ya Suwadai inapita juu yake hadi hekalu la Suwa. Nippori na Nishi-Nippori vimeachana mita 500 tu, umbali mfupi kuliko wote kwenye mzunguko, lakini kwa juu unaona vizuri kwa nini reli imepita ilipopita: kushoto mwinuko, kulia bonde tambarare, na reli imejibana ukingoni. Endelea juu vivyo hivyo na utafika lango la kusini la Tabata, kibanda kidogo kilimani kisicho na duka wala kelele. Anayekijua Tabata kwa lango lake kubwa la kaskazini atadhani amepotea. Hajapotea.

Kati ya Tabata na Komagome kuna kilomita 1.6, na karibu na Komagome kuna kitu ambacho hakipo pengine popote kwenye mzunguko huu: kivuko cha reli cha usawa wa barabara. Kinaitwa Daini Nakazato. Kwingine kote barabara inaivuka Yamanote kwa juu au kwa chini; hapa tu ndipo mtu anasubiri treni ipite mbele ya pua yake. Kuna mpango wa kukiondoa, basi asiyekiona akione mapema.

Namna ya kukivuka. Kengele inalia, taa mbili nyekundu zinapokezana, kisha fito zinashuka. Tazama mishale inayowaka: mmoja maana yake treni inatoka upande mmoja, miwili maana yake zinakuja kutoka pande zote mbili. Hapo ndipo watu wanapokosea. Treni ya kwanza inapita, mtu anainua mguu, kumbe ya pili bado iko njiani. Ngoja fito zinyanyuke. Ukishikwa katikati wakati zinashuka, usisimame: tembea mbele na uusukume ufito kwa mwili, umetengenezwa ili ujipinde. Na ukimwona mtu au baiskeli imekwama relini, bonyeza kitufe cha dharura kilicho kwenye nguzo pembeni. Kazi yake ni kuzisimamisha treni.

Komagome kuna bustani ya Rikugien, iliyokamilika 1702. Kiingilio yen 300, na mwisho wa kuingia ni saa kumi na nusu, kwa hiyo ukichelewa Nippori utaikosa. Sugamo, fuata barabara ya Jizo, karibu mita 800 za maduka ya wazee: chupi nyekundu za kuleta afya, chumvi, peremende, maharagwe matamu. Tarehe zenye nne, yaani 4, 14 na 24, kunakuwa na gulio na vibanda hujaa. Kwenye hekalu la Koganji watu hupanga foleni kuipangusa sanamu ya Kannon, mwenye huruma katika dini ya Kibudha, kwa kitambaa chenye maji, kila mmoja akipangusa pale panapomuuma yeye mwenyewe. Simama nyuma ya foleni kama wengine, na kamera uiweke mfukoni.

Baada ya Otsuka, tramu inapokatiza chini ya reli, kilomita 1.8 za mwisho hadi Ikebukuro hazina jipya.

Kipande cha tatu: Ikebukuro hadi Shibuya

Kirefu kuliko vyote. Mejiro hadi Takadanobaba ni mteremko hadi mto Kanda, mtaa umejaa wanafunzi. Shin-Okubo inajulikana kwa maduka ya Kikorea, lakini upande wa pili wa reli kuna kichochoro ambacho Waislamu wa Tokyo wanakijua: nyama ya halali, dengu, mchele wa basmati, iliki, bizari kwa kilo. Nunua vikavu tu. Nyama haifai kubebwa saa tatu zilizobaki.

Shinjuku ndipo mradi unapovunjika kwa wengi. Stesheni ina milango zaidi ya 200, na anayeshuka chini ya ardhi ili "kukata njia" hutokea upande wa magharibi, asijue tena reli iko wapi. Usiingie. Baki juu, upande wa mashariki, elekea kusini hadi barabara kuu ya Koshu Kaido, kisha Yoyogi. Ikibidi kuvuka chini, tumia njia pana ya mashariki-magharibi iliyofunguliwa Julai 2020, ambayo haihitaji tiketi.

Harajuku, vuka kwenda nje ya mzunguko uone msitu wa Meiji Jingu: hekta 70 za miti iliyopandwa na watu, hekalu lilipojengwa mwaka 1920. Mtaa wa Takeshita siku ya Jumamosi haupitiki. Shika Cat Street, barabara iliyopita juu ya mto Shibuya uliofunikwa. Anayetaka kuswali apande laini ya Chiyoda kutoka Meiji-jingumae, vituo viwili hadi Yoyogi-Uehara, ulipo msikiti wa Tokyo Camii. Jengo la sasa ni la mwaka 2000, la kwanza lilikuwa la 1938.

Kipande cha nne: Shibuya hadi Shinagawa

Mto uliokuwa chini ya miguu yako unatokeza kusini mwa stesheni ya Shibuya. Ufuate hadi Ebisu, kituo kilichopata jina kutokana na bia, si bia kutokana na kituo. Mbele yake majina yanapotosha: stesheni ya Meguro iko wilaya ya Shinagawa, na stesheni ya Shinagawa iko wilaya ya Minato. Anayefuata vibao vya wilaya ataondoka njiani. Gotanda hadi Osaki tembea kando ya mto Meguro.

Osaki hadi Shinagawa ni kilomita 2.0, umbali mrefu kuliko wote, na reli inapiga kona kali. Usijaribu kuikumbatia, utaishia kwenye kuta. Panda kilima cha Gotenyama, ambacho udongo wake ulichimbwa 1853 kujengea ngome za mizinga baharini, kisha shukia daraja la Yatsuyama.

Kipande cha tano: Shinagawa hadi Tokyo

Njia imenyooka. Karibu na Takanawa Gateway, kituo kipya kuliko vyote (Machi 2020), kuna hekalu la Sengakuji na makaburi ya wale samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao. Ni hapa pia ambapo mwaka 2019 mafundi walifukua tuta la mawe lililobeba reli ya kwanza ya Japani, ya mwaka 1872, wakati hapa palikuwa bahari. Hamamatsucho, bustani ya Kyu-Shiba Rikyu iko mlangoni mwa stesheni, yen 150. Pumzisha miguu hapo. Shimbashi hadi Yurakucho pita chini ya matao ya matofali ya 1910, moshi wa mishikaki umeshika kuta.

Malizia upande wa Marunouchi, jengo jekundu la 1914. Ingia chini ya kuba na utazame juu: pembe nane, tai wanane, na wanyama wanane kati ya kumi na wawili wa kalenda ya Kichina. Wanaokosekana ni panya, sungura, farasi na jogoo, wale wanaowakilisha kaskazini, mashariki, kusini na magharibi.