Henoko Alitembea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeelemewa na neno moja la baba yangu. Tangu apate kiharusi anatembea kwa mkongojo, mguu wa kushoto anauburuta. Jumatatu nilimpeleka kliniki ya presha, nikafanya kama ninavyofanya siku zote: natangulia hatua ishirini, nasimama, natoa simu, akinifikia natangulia tena. Tulipofika darajani akaniita. "Mwanangu, we nenda tu, nitakukuta." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana limeniuma hivi.

Jioni nilimkuta mpwa wangu anacheza gemu, na jina lake likanikalisha chini: Everybody's Gone to the Rapture, yaani wote wamekwenda kwenye Unyakuo, siku Bwana atakapowatwaa watu wake. Ni kazi ya Waingereza, ilitoka mwaka 2015. Unaingia Yaughton, kijiji cha kubuni huko Shropshire, mwaka 1984, na humkuti mtu hata mmoja. Milango i wazi, vitambaa vyenye damu vimeachwa. Kazi yako ni kutembea. Mwanga unakuongoza, na mahali pengine unafunguka ukawasikia waliokuwapo: wanagombana, wanaagana, wanaomba radhi. Yumo hata kasisi wao, Jeremy, akihangaika na imani yake huku kundi lake likipotea. Kinachowachukua watu wale si Bwana tunayemngoja sisi, kwa hiyo mtu asiende kutafuta humo mafundisho ya siku za mwisho. Mimi jina lilinivuta, mwendo ndio ukanishika.

"Mjomba, hili watu walilisema sana," kijana akaniambia. Wapo waliosema hili si gemu, maana halina adui wa kupigana naye wala alama za kukusanya. Magemu ya namna hii yalipachikwa jina la dharau, viigizo vya kutembea. Wengine walikiri kwamba liliwaliza, na muziki wake, alioutunga Jessica Curry, ulipata BAFTA, tuzo kubwa ya Uingereza, mwaka 2016. Ila lalamiko lililovuma ni kwamba mchezaji anatembea polepole mno. Siku chache baada ya gemu kutoka, ilibidi waundaji wawaeleze watu kwamba kipo kitufe cha kushikilia, na mwendo unaongezeka kidogo kidogo. Hata hapo hupati mbio za kweli.

Nikamtazama akicheza. Alipoharakisha, alizipita nyumba. Kumbukumbu nyingine hazifunguki mpaka usimame mbele ya mwanga na kuinamisha taratibu padi, kile kifaa cha kuchezea kilicho mkononi. Unaweza kufika mwisho wa gemu, na majirani uliopita milangoni mwao usijue walikuwa na uchungu gani.

Nikaingia chumbani nikafungua Mwanzo 5:24. "Henoko akaenda pamoja na Mungu, naye akatoweka, maana Mungu alimtwaa." Ndugu zangu, hilo "alimtwaa" tumelihubiri mpaka sauti zikakauka. Tumeliimbia mapambio, tumekesha nalo. Lakini kabla ya kutwaliwa kuna kwenda, na mstari wa 22 unasema alikwenda na Mungu miaka 300 baada ya kumzaa Methusela, akazaa wana, waume na wake. Miaka 300 yenye watoto ndani ya nyumba! Maana yake kuna usiku aliamka mtoto akilia, kuna mgonjwa aliyeuguzwa, kuna mzee aliyesubiriwa njiani, na katika hayo yote Henoko alikuwa akienda na Mungu. Hatusomi popote kwamba alikimbia ili awahi kutwaliwa. Na Yakobo vilevile, Esau alipotaka waongozane, alisema ataongoza polepole, kwa mwendo wa wanyama na kwa mwendo wa watoto. Hata Bwana mwenyewe, akiwa amekwisha kufufuka, alitembea na watu wawili kwenda Emau.

Sasa niseme bila kuficha, na ninaanza na mimi. Tunangoja Unyakuo huku tunawapita watu. Ibada ikiisha tunakimbilia bodaboda, na yule mama aliyefiwa mwezi uliopita anabaki kwenye benchi peke yake. Ombi la maombi likitumwa kwenye simu tunajibu "Amina" kabla hatujalisoma hadi mwisho. Mshirika akianza kueleza shida yake, tunamkatiza kwa andiko ili amalize. Kisha tunashangaa mbona mioyo yetu haiwaki ndani yetu, kama ilivyowaka ya wale wa Emau. Wapendwa, wao walikuwa wanatembea naye! Punguzeni mwendo, ili mtu wa Mungu aliye karibu nanyi asiachwe. Mkeo, mumeo, mtoto anayechelewa kuongea, mzazi anayerudia hadithi ile ile, hao ndio njia yako ya leo.

Alhamisi tulirudi kuchukua majibu ya vipimo. Simu niliiacha nyumbani. Nilimshika baba mkono wa kushoto, tukaenda kwa mwendo wake, na njia ninayoimaliza kwa dakika kumi ikachukua karibu saa nzima. Pale darajani akasimama kupumzika, akayatazama maji, akaniambia kwamba hapo ndipo mdogo wake aliposombwa na mafuriko, wakiwa watoto, wakitoka shule. Nina miaka arobaini na miwili. Sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa na mdogo wake.

Mniombee. Jumatatu tunakwenda tena.