Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki, Chamwino

Saa 12 asubuhi niko barabarani, na vumbi la kiangazi la huku kwetu linanitangulia kituoni. Saa 1 na nusu nakabidhiwa zamu. Saa 2 ni mizani, chanjo, wajawazito, uzazi wa mpango. Mpaka saa 4 sijakaa.

Wengi wakisikia nipo kliniki ya mama na mtoto hudhani kazi yangu ni kupima watoto uzito. Nyuma ya pazia nina chumba chenye kitanda, taa na spekulamu, kifaa cha kufungulia uke wakati wa kukagua. Humo huingia pia wanawake walioacha kuona siku zao miaka mingi iliyopita, ingawa kibao cha mlangoni hakiwataji. Kazi ya chumba hicho naiheshimu kuliko zote.

Saa 5 kasoro akaingia bibi wa miaka sabini na kitu, ameletwa na mwanawe. Aliyezungumza ni mwana.

"Sista, mama ana UTI, maambukizi ya mkojo. Tuandikie dawa tu, bodaboda inasubiri."

Akanimwagia mezani makasha ya antibiotiki, zote za dukani, nyingine hazikumalizwa. Kila mkojo ukipimwa unaonyesha damu, mama anapewa dawa, na damu inarudi. Nikauliza kama kuna mtu aliyewahi kumkagua.

"Kumkagua wapi? Si mkojo umepimwa?"

Nikamwomba asubiri nje. Hakutaka. Akalalamikia nauli, jua, foleni, halafu akasema manesi tunapenda kusumbua wazee. Nilikuwa na kina mama wengi kwenye benchi na maneno yale yaliniuma, lakini sikuandika dawa. Alitoka baada ya bibi mwenyewe kumwambia, "Toka, baba."

Bibi naye hakupanda kitandani. "Mjukuu wangu, wewe mtoto. Nikuvulie nguo vipi?" Nikafunga mlango, nikakaa naye, nikamwachia muda. Ndipo akasema: damu anaificha kwenye vitambaa tangu mavuno. Ni mjane, anaogopa watasema ameokota ugonjwa wa zinaa uzeeni.

Alipokubali, nilikiona mara moja: kinyama chekundu, laini, kama punje ya choroko, kwenye ukingo wa chini wa tundu la mkojo. Nilipokigusa kwa pamba kikatoa damu. Damu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingia kwenye kikopo cha kipimo.

Nikamweleza kwamba hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na ngozi laini ya uke na ya njia ya mkojo hukonda na kukauka. Ukingo wa tundu la mkojo huweza kugeukia nje na kuota kinyama. Hakiambukizwi na mwanamume. Wengine hawakisikii kabisa, wengine huwashwa moto wakikojoa. Kisichosumbua huweza kuachwa. Kikisumbua, daktari huweza kukipa krimu ya estrojeni, na kikiwa kikubwa, kikigoma dawa au kikitiliwa shaka, hukatwa na kupelekwa maabara. Bibi akashika mkono wangu, akauliza mara tatu, "Si zinaa?" Si zinaa, bibi.

Mwana alipoona karatasi ya rufaa ya kwenda Dodoma mjini, akawaka upya: kama si saratani, rufaa ya nini? Nikarudia taratibu. Vinyama hivi kwa kawaida si saratani, lakini saratani ya njia ya mkojo, ingawa ni nadra, huweza kufanana navyo. Tena mwanamke akitoka damu baada ya hedhi kukoma, mlango wa kizazi na mji wa mimba lazima vichunguzwe, hata kama kinyama kimeonekana. Uchunguzi huo ndio wanaoukosa wanaomezeshwa antibiotiki mwaka mzima bila kukaguliwa. Akakaa kimya, kisha akauliza dirisha la wazee liko upande gani.

Baada ya hapo saa zilichanganyikana. Mjamzito mwenye presha, mtoto mwenye degedege, rejesta za kujaza, ugali uliopoa. Miguu ilivimba kabla jua halijazama.

Usiku simu ikaita. Mkwe wa bibi: jirani amewashauri waweke siki na majivu. Nikamwambia wasiweke chochote. Akae kwenye maji safi ya uvuguvugu kama panamchoma, na akishindwa kukojoa wasingoje tarehe ya rufaa, wamlete usiku huohuo.